Kucha zinaachana na nyama, nimeambiwa fangasi lakini nina soriasisi. Kuna mwenye kuijua hali hii?

Mshona Viua

Assalaam aleikum ndugu zangu, na salamu kwa wote mliomo humu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Unguja, kazi yangu kushona kofia za viua kwa mkono. Soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi wa magamba, ninayo tangu usichana wangu. Iko viwikoni, magotini na nyuma ya masikio pale nywele zinapoanzia. Hiyo najua namna ya kuishi nayo. Leo nauliza kuhusu kucha.

Ilianza kwa vijishimo. Ukucha wa kidole cha shahada, mkono wa kulia, ulitoka vitobo vidogo vidogo kama ile kastabani ninayovaa nikishona. Havikuuma wala havikunizuia kufanya kazi. Vikafuata kwenye kidole cha kati, kisha gumba, na gumba ndilo lililoniletea tabu. Ukucha wake umeinuka upande mmoja, umeachana na nyama, na chini yake kumejaa unga mgumu wa rangi ya manjano. Pale ulipoachana ni peupe, na penye mpaka wa nyama iliyoshika pana doa la rangi ya kahawia iliyopauka ambalo halitoki hata nisugue vipi.

Wanaojua kofia za viua wataelewa nikisema gumba ndiyo kazi yenyewe. Kila kiua unakitoboa, unakizungushia uzi, halafu unakibana kwa ukucha wa gumba ili ukingo wake ulale vizuri. Kofia moja ina viua mamia. Sasa ukucha wangu hauna nguvu ya kubana. Ncha yake imemeguka, inanasa uzi, na uzi ukivutika nasikia maumivu mpaka kwenye kifundo cha mkono. Juzi ulinasa nikiwa namalizia ukanda wa pembeni, damu ikadondokea kitambaa cheupe. Nilikilowesha maji baridi papo hapo, nikakisugua kwa sabuni taratibu, doa likatoka, lakini moyo ulinienda mbio kwa sababu ile ilikuwa kazi ya wiki nyingi na ya mtu.

Jambo jengine ni macho ya watu. Mzee mmoja wa heshima zake alikuja kuchukua kofia ya harusi ya mwanawe. Nilipomnyooshea akavitazama vidole vyangu, akaniomba niiweke kwenye meza. Akaisukumia ndani ya mfuko aliokuja nao bila ya kuigusa kwa mkono. Hakunitukana, alinilipa vizuri na akaniombea dua. Lakini alipoondoka nililia.

Kituo cha afya nilichokwenda waliangalia kucha tu wakasema ni fangasi. Nikapewa krimu, baadaye vidonge vya kumeza. Nimemeza kwa muda mrefu na sijaona tofauti yoyote. Hakuna aliyekata kipande cha ukucha akakipima. Wala hakuna aliyeniuliza kama nina maradhi ya ngozi, na mimi huwa nimevaa baibui, viwiko havionekani.

Na sasa pana jipya. Kidole cha kati kimevimba kiungo cha mwisho, kile kilicho karibu na ukucha. Nikiamka asubuhi hakikunjiki, nashindwa hata kufunga kitufe cha nguo ya mtoto. Jua likipanda kinalegea kidogo.

Naomba mwenye kujua anisaidie. Hii ni fangasi au ni soriasisi imeingia kucha? Kuna dawa ya kuzirudisha? Na hicho kidole kinahusiana na kucha au ni uchovu wa sindano tu? Ramadhani inakaribia, oda za Idi zimeshaanza kuingia, na hii mikono ndiyo inayotulisha.

Kijana wa Darajani

Pole sana dada. Shangazi yangu zilimuinuka hivyo hivyo, akawa anatumbukiza vidole kwenye siki iliyochanganywa na kitunguu saumu kila usiku. Jaribu, haina gharama. Na hakikisha unaukwangua ule unga wa ndani mpaka uishe, ndiyo siki ipite.

Mwalimu wa Kibosho

Pole sana binti yangu. Kijana hapo juu ana nia njema lakini naomba usifanye alivyosema, hasa huko kukwangua. Nitaeleza.

Nimefundisha Baiolojia sekondari mpaka nikastaafu, na nina soriasisi ya ngozi, ya kucha na ya viungo. Ulichokiandika kuhusu kiungo cha mwisho cha kidole ndicho kilichonifanya nikae chini usiku huu niandike. Mengine yote yanaweza kungoja kidogo, hicho kidole kisingoje. Mimi kilianza hivyo hivyo, kiungo kile kile, na ugumu ule ule wa asubuhi. Nikadhani ni kushika chaki miaka yote ile. Baadaye kidole kizima cha mguu kikavimba kuanzia shina hadi ncha, kiatu hakiingii. Ndipo daktari akaniambia ni ugonjwa mmoja: soriasisi ileile imeshambulia viungo. Kidole changu cha pete mkono wa kushoto kimebaki kimepinda, na hakuna dawa itakayokinyoosha tena, kwa kuwa mfupa ulishaliwa kabla matibabu hayajaanza. Wewe bado una nafasi.

Sasa kucha. Wanafunzi wangu walikuwa wakiniuliza, na nilikuwa nawaambia kweli, kwa sababu mtoto ukimficha anatunga lake. Niliwaeleza hivi. Ngozi ya kawaida huchukua takriban mwezi mmoja kujibadilisha, seli zikitoka chini hadi juu na kupukutika. Kwa mwenye soriasisi kinga ya mwili inaichochea ngozi ifanye kazi hiyo kwa siku chache tu, seli zinafika juu hazijakomaa, zinarundikana, ndiyo yale magamba. Ukucha nao ni zao la ngozi. Unatengenezwa kwenye shina lake, sehemu iliyofichwa chini ya ule mkunjo wa ngozi. Soriasisi ikiwa kwenye shina, ukucha unatoka na vijishimo au unamomonyoka. Ikiwa kwenye nyama iliyo chini ya ukucha, unapata doa, unga unajazana, ukucha unainuka. Binti yangu wewe unayo yote mawili. Nilipokuwa namaliza kueleza hivi, darasa la wavulana wa kidato cha pili lilikuwa linanyamaza kabisa, na kesho yake hakuna aliyekataa daftari nililolishika.

Mimi pia nilipewa dawa za fangasi kwanza. Kilichobadilisha mambo ni pale hospitali ya KCMC Moshi, kwenye kile kituo cha magonjwa ya ngozi. Yule tabibu hakuanza na kucha. Aliniambia nivue shati. Akatazama viwiko, kichwani, kitovuni, mpaka mpasuko wa makalio, kwa sababu soriasisi hupenda kujificha huko. Halafu akakata vipande vya ukucha na kukusanya ule unga wa chini, ukapelekwa kupimwa kwa hadubini. Fangasi haikuonekana.

Nikaanza na marhamu ya klobetasoli. Hapa sikiliza vizuri, maana watu wengi hupaka juu ya ukucha na dawa haifiki popote. Kwa vijishimo unapaka kwenye mkunjo wa ngozi pale ukucha unapochomoza, unasugua polepole iingie, usiku. Kiasi ni kidogo sana. Na halafu unasubiri. Ukucha wa mkono unakua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo ukucha mzima unahitaji nusu mwaka hivi kutoka shinani hadi nchani. Wa mguu ni mwaka na zaidi. Hakuna dawa duniani itakayosafisha ukucha ulioharibika tayari. Dawa inausaidia ukucha mpya unaoota. Mimi nilikuwa napiga picha kila mwanzo wa mwezi, kidole kimelazwa kando ya rula ya shule. Mke wangu alikuwa ananiambia hakuna kitu, dawa hizi ni bure. Tulipoweka picha ya kwanza na ya nne pamoja ndipo tukaona kipande kilaini kimesukuma vijishimo mbele.

Viungo vilipoingia nikaanzishiwa methotreksati. Hiyo ni dawa ya kumeza mara moja kwa WIKI. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa makusudi, maana kuna watu wameimeza kila siku wakafa. Yangu ni Jumapili jioni. Mfamasia aliandika siku hiyo kwenye boksi kwa kalamu nyekundu, na binti yangu akaizungushia duara kwenye kalenda ya ukutani. Siku nyingine nameza foliki asidi kupunguza madhara. Jumatatu tumbo huchafuka kidogo. Damu napimwa mara kwa mara, ini na chembe za damu. Mbege, pombe yetu ya ndizi, niliiacha, kwa mtu wa Kibosho hilo si jambo dogo, lakini ini haliwezi kubeba vyote viwili.

Kuhusu kukwangua: wewe ni mshonaji, najua pini na sindano ziko mkononi muda wote. Usiingize kitu chochote chini ya ukucha huo. Soriasisi huamka pale ngozi inapojeruhiwa. Ukikwangua, ukucha unainuka zaidi, unapata unga zaidi, unakwangua tena. Kata ufupi sehemu yote iliyokwisha kuachana na nyama, baada ya kuoga ukiwa umelainika, basi.

Tabibu wa Ngozi, Dar

Dada Mshona Viua, pole. Mwalimu, shikamoo, umeeleza vizuri sana. Mimi ni tabibu wa magonjwa ya ngozi, nilisomea hapohapo Moshi. Kituo kile kilifunguliwa 1992 ili kuwafundisha maofisa tabibu kutoka nchi nyingi za Afrika, na wahitimu wake wamesambaa, kwa hiyo ukiulizia hospitali kubwa ya karibu nawe, ulizia kliniki ya ngozi. Siwezi kukutibu kwa maandishi, ila naweza kukupa mambo ya kwenda nayo.

Mtu mwenye soriasisi ya ngozi, kucha kadhaa za mikono zenye vijishimo, ukucha ulioinuka ukiwa na doa mpakani, na kiungo cha jirani kilichovimba: wazo la kwanza kichwani kwangu ni soriasisi ya kucha. Fangasi kwa kawaida huanzia kucha za miguu na huwa haileti vijishimo vya namna hiyo. Lakini siwezi kuifuta, kwa sababu fangasi hupenda kuingia kwenye ukucha ulioharibiwa na soriasisi, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Ndiyo maana kipimo ni lazima. Wanachukua unga wa chini ya ukucha, wanauyeyusha kwa dawa na kuutazama kwa hadubini, au wanauotesha maabara. Mwambie anayekupima kwamba umetumia dawa za fangasi, na lini, kwa kuwa zinaweza kuficha majibu. Dawa za kumeza za fangasi zina uzito wake kwenye ini. Kumpa mtu miezi bila kipimo si sawa, na una haki ya kukiomba.

Siki, hapana. Ni tindikali, na chini ya ukucha ulioinuka kuna nyama isiyo na kinga. Inaunguza, na kama Mwalimu alivyosema, kidonda kinaiamsha soriasisi.

Klobetasoli. Nataka kulisema hili kwa nguvu kwa sababu dawa hii inauzwa madukani humo kama krimu ya kung'arisha ngozi, na imo kwenye mkorogo mwingi. Dada zangu wengi wanayo nyumbani. Ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, na ni kali mno. Ikitumika kwa mpangilio, kwa muda uliowekwa, kwenye shina la ukucha, inasaidia. Ikitumika miaka, au kufungwa na nailoni kila usiku, ngozi inakuwa nyembamba, na hata mfupa wa ncha ya kidole unaweza kulika. Pia usikubali kuchomwa sindano au kupewa vidonge vya steroidi humo mitaani kwa ajili ya ngozi. Utapata nafuu ya haraka, na ukiacha inarudi kwa kishindo, wakati mwingine kwa usaha mwili mzima. Nimewapokea wodini wagonjwa wa aina hiyo.

Zipo na njia nyingine. Kalsipotrioli, inayotokana na vitamini D, hasa pale unga unapojazana. Sindano ndogo ya triamsinoloni pembeni ya shina, ambayo inauma lakini ni nzuri kwa kucha chache. Kama viungo vimeingia, basi tunatibu kwa dawa ya mwili mzima na kucha zinanufaika humo humo.

Kidole chako: ukucha na kiungo kile cha mwisho ni majirani wa karibu sana. Nyuzi zinazoshika misuli kwenye mfupa pale zinaungana na shina la ukucha, ndiyo sababu wagonjwa wa soriasisi ya viungo, walio wengi, kucha zao zimeguswa. Katika watu 10 wenye soriasisi, hadi 3 hupata ya viungo. Ugumu wa asubuhi unaolegea ukianza kujishughulisha ni dalili ya uvimbe wa ndani. Uchovu wa kazi huja jioni. Unahitaji picha ya eksirei na mtu wa viungo, na kadiri inavyofanyika mapema ndivyo mfupa unavyosalimika.

Utapimwa VVU pia. Usiogope wala usichukulie kuwa ni kukushuku. VVU inaweza kuifanya soriasisi iwe kali, na pia majibu yanatusaidia kuchagua dawa. Tunampima kila mgonjwa mwenye hali kama yako.

Na mzee aliyeitia kofia mfukoni: soriasisi haiambukizi. Si kwa kugusana, si kwa kitambaa, si kwa kula sahani moja, si kwa mume na mke. Mwaka 2014 mataifa wanachama wa Shirika la Afya Duniani yalipitisha azimio kuhusu soriasisi, na moja ya mambo yaliyosemwa humo ni hili la wagonjwa kutengwa kwa kutojua kwa watu. Kila tarehe 29 Oktoba ni siku yake duniani. Sisi kliniki tunabandika bango, lakini najua bango halifiki sebuleni kwako.

Binti wa Maskati

Dada yangu wa Unguja, mimi asili yangu Pemba, naishi Maskati na mume wangu. Nilikuwa na kucha zote kumi zimeharibika. Nilipitia methotreksati, ini likalalamika, nikahamishiwa sindano za adalimumabu, najichoma mwenyewe tumboni kila baada ya wiki mbili. Kabla ya kuanza walinipima kifua kikuu, kwa kuwa sindano hii inashusha kinga na kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka. Kucha zimerudi, Alhamdulillahi, isipokuwa gumba moja. Ni ghali mno na huko nyumbani si rahisi kuipata, kwa hiyo sikuandikii ili utamani. Nakuandikia ujue kwamba zinaweza kurudi.

La pili ni hina. Sisi wanawake rangi ya kucha inatusumbua kwenye udhu, kwa hiyo hina ndiyo inayotufunika. Hina safi ya majani mimi naipaka, inazificha kabisa. Piko, ile rangi nyeusi ya kujichora, nimeliacha. Wanalichanganya na rangi ya nywele, na siku moja lilinitoa malengelenge pembezoni mwa kucha, na mwezi ule soriasisi ilipanda vidole vyote. Kucha za kubandika usizifikirie kabisa, gundi yake na kule kuzing'oa kunabeba na ukucha wako.

Mshona Viua

Nimesoma yote mara nyingi, nyingine nikamsomea mume wangu. Mungu awalipe. Mwalimu, nashukuru sana kwa kuacha usingizi wako.

Siki sitoigusa. Pini nimeshaiondoa kwenye mto wa sindano ulio karibu na mkono wangu, sasa iko kabatini. Jumatatu nakwenda hospitali kubwa, nimepata jina la kliniki ya ngozi. Nina maswali mengine, mniwie radhi.

Kwanza, sisi tunatarajia mtoto mwingine, hatujapanga lini. Hiyo methotreksati itaniathiri? Pili, Ramadhani nitafunga, dawa nitameza vipi? Tatu, natawadha mara tano na nafua nguo za watoto kwa mkono, mikono haikauki. Na la mwisho ni kazi: niache kushona mpaka zipone? Nikiacha sina kipato, na dada yangu aliyekuwa ananisaidia ameolewa Tumbatu.

Tabibu wa Ngozi, Dar

Maswali mazuri, na la kwanza ndilo muhimu kuliko yote. Methotreksati inaharibu mimba na inaweza kumpa mtoto ulemavu. Mwanamke anayeimeza lazima awe na uzazi wa mpango wa uhakika, na akitaka kubeba mimba huiacha miezi kadhaa kabla, kwa maelekezo ya daktari wake. Mwambie daktari siku ya kwanza kabisa kwamba mnataka mtoto, usingoje akuulize. Zipo dawa nyingine za viungo zinazoweza kuchaguliwa kwa mwanamke kama wewe, na kama mtaamua kuahirisha mimba mtaamua nyote wawili mkiwa mnajua. Nenda na mumeo ikiwezekana.

Ramadhani si tatizo kwa dawa ya mara moja kwa wiki, unameza baada ya kufuturu, na unywe maji ya kutosha usiku. Marhamu ya kupaka kwenye ngozi haina shida na saumu kwa wanavyuoni wengi, ila muulize unayemuamini.

Maji. Kufua na kuosha vyombo vaa glavu za mpira, na ndani yake uvae za pamba, kwa sababu mpira peke yake unatoa jasho na jasho nalo linalainisha ukucha mpaka unainuka. Udhu hauna neno, ila kausha vizuri mpaka chini ya ukingo wa ukucha. Mafuta mazito ya mgando paka baada ya Isha, yakae usiku mzima hadi alfajiri bila ya kuoshwa.

Kuhusu kazi, nisingekuambia uache. Badilisha gumba linavyofanya kazi. Wewe ndiye unayeijua kofia, lakini wagonjwa wangu washonaji wamefanikiwa kubana ukingo kwa kijiti laini cha mfupa au cha plastiki badala ya ukucha. Vaa kastabani kubwa kidogo isiyobana, au zungushia plasta ya kitambaa juu ya ukucha unapoketi kushona na uitoe unapoamka. Pumzika vidole kabla havijauma.

Jumatatu chukua boksi au pakiti za kila dawa uliyotumia, hata ile uliyopewa na jirani. Piga picha ya kidole asubuhi kikiwa kimevimba, kwa maana ukifika kliniki saa tano kitakuwa kimeshalegea. Usikate kucha wikiendi hii, waachie cha kupima. Usipake hina mpaka uwe umeonwa, inaficha tunachokitafuta. Na wakikutazama kucha tu, vuta mikono ya baibui uwaoneshe viwiko.

Jambo moja nimelisahau: watu wa rangi yetu wengi wana mistari myeusi ya kawaida kwenye kucha, kwenye vidole vingi. Ukiona mstari mweusi mpya kwenye ukucha mmoja, unaozidi upana au unaoingia kwenye ngozi ya shina, huo uoneshe haraka, si habari ya soriasisi.

Mwalimu wa Kibosho

Kijiti cha mfupa ni wazo zuri. Mjukuu wangu anasema visu vya mbao vya kupakia siagi vinasuguliwa kwa msasa vikawa laini kabisa, ukitaka nitamwambia achonge kimoja, kuna dereva wa basi la Dar tunayemfahamu na boti ya Unguja ni ya kila siku.

Mshona Viua

Mwalimu, nitafurahi sana. Kiwe chembamba nchani, upana wa punje ya mchele, maana viua vya kofia za Idi ni vidogo. Jumatatu jioni Inshaallah nitaandika waliyoniambia.